Neno Lililopungua Kwenye Kitani

Kwa miaka kumi na moja Ishbel Lochhead hakusahihishwa hata nukta. Wanaume wa kando ya mto Clyde, huko Uskochi, walijisifia nyundo na moto. Yeye sifa yake ilikuwa kalamu. Wahandisi wa kiwanda cha meli walichora kwa penseli, naye akatandaza kitani chembamba chenye wanga juu ya mchoro na kuunakili kwa wino, mstari kwa mstari. Kutoka kwenye kitani hicho zilitolewa nakala za buluu za mafundi wa chuma. Wanakili walikuwa wanawake kumi na wawili katika chumba kimoja, na kila mtu alijua kwamba mkuu wao akistaafu Pasaka, kiti ni cha Ishbel. Alikitaka, wala hakujifanya hakitaki.

Mwaka huo wa 1905 walikuwa wakijenga Namba 412, kwani meli haipewi jina mpaka siku ya kushushwa majini. Ilikuwa meli ya abiria na posta ya kuvuka Atlantiki, kubwa hata nyumba za mtaa wa nyuma zilikosa jua la asubuhi na kina mama wakalalamika nguo hazikauki.

Jumatano moja fundi mkuu wa mabamba ya chuma alipanda ngazi za ofisi na viatu vyake vya misumari, akauliza hiyo posta ni barua ngapi hata meli ihitaji milango miwili. Mlango wa mifuko ya posta ulitakiwa ubavu wa kulia. Watu wake walikuwa wamekata wa kulia, wakakata na wa kushoto.

Mchoro wa meli huonyesha nusu moja, ya kulia, kwa kuwa ya kushoto hufanana nayo. Kitu kikitakiwa upande mmoja pekee, huandikwa: "Kulia tu." Nakala ya buluu ilisema "Kulia." Fundi akiona hivyo haoni jipya, hukata kulia, kisha huzunguka akakate na kushoto. Neno dogo kama "tu" lilikuwa limetoboa meli.

Kitani chenye kosa kilikuwa na herufi za jina la Teenie Purdon, msichana wa miaka kumi na tisa aliyemlisha mama yake mgonjwa. Teenie alilia, akasema alinakili kitani cha kwanza kama kilivyokuwa, kile kilichoachwa kutumika pale vyumba vya abiria viliposogezwa. Lakini penseli ya mhandisi ilishafutwa, na kitani hicho hakikuonekana. Bwana Struthers, mkuu wa ofisi ya michoro, akasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Jumamosi Teenie achukue ujira wake, asirudi.

Ishbel alijua kilipo. Kitani kilichoachwa kutumika kilikuwa halali ya wanakili: ukikiloweka, wanga na wino hutoka, unabaki na kitambaa laini kuliko cha dukani. Watu walitania kwamba nusu ya watoto wa mtaa ule walibatizwa ndani ya meli. Hicho cha kwanza alikuwa amepewa yeye, kwa gauni la ubatizo la mtoto wa mdogo wake Beth, Jumapili ile. Na kilikuwa kazi ya mkono wake.

Jioni hiyo alikikunjua mezani. "Kulia," kisha nafasi tupu. Akakumbuka: king'ora cha chakula kililia, akaweka kalamu, akarudi na kuanza mstari mwingine. Akakikunja tena. Alhamisi alikwenda kazini, hakukitaja kitani, akala mchana bila kusikia ladha.

Aliporudi alimkuta Beth jikoni na beseni.

"Dada, hiki kitambaa unakiatamia au vipi? Jumapili mtoto nimvishe nini, gazeti?"

Beth akakizamisha mwenyewe. Ishbel alisimama tu. Alifurahi kwamba si mkono wake uliofanya hivyo, na furaha ile ikamtia aibu kuliko kosa lenyewe. Wino ulipoanza kuachia, maji yakawa ya kijivu. Hapo akaingiza mikono hadi viwikoni, akakitoa. Beth alinuna, akaenda kuazima gauni kwa jirani.

Ijumaa asubuhi alikitandaza, bado kibichi, mbele ya Bwana Struthers. Mzee alikitazama, akaenda kufunga mlango.

"Bi Lochhead, mimi naona kitambaa kilicholowa. Kipeleke ukashone. Wasichana wa kunakili wapo tele, ila Pasaka nitakuhitaji wewe."

"Hapa pameandikwa 'Kulia'. Na herufi hizi mbili ni zangu," alisema Ishbel. "Kama macho yako hayaoni, nitamwita fundi wa mabamba asome yeye."

Struthers alishusha pumzi. Akasema basi kile kiti asahau, na meza yake abaki nayo, kwa sababu mkono kama ule hauokotwi njiani. Kisha akaingia chumba cha wanakili akatangaza yote, na kwamba Teenie abaki, kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma vipimo.

Ishbel alikaa mahali pake. Hakuwa na raha aliyodhani angeipata. Kiti kile kilimuuma. Adhuhuri wenzao walipotoka kwenda kula, Teenie alikuja akasimama karibu na meza yake. Ishbel akajua anakuja kushukuru, akajiandaa kusema si kitu.

"Ulijua tangu lini?" Teenie aliuliza.

Ishbel angeweza kusema jana.

"Jumatano jioni."

"Jana nilikwambia nimemficha mama kwamba nimefukuzwa. Ukaniambia nisikate tamaa."

"Ndiyo. Nilikwambia hivyo."

Teenie alirudi mezani kwake, akapaka mikono chaki ili jasho lisiharibu wino, akainamia kazi. Hakwenda kula siku hiyo, na Ishbel naye hakwenda.