Sakafu ya Gari la Papa Fabrice

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, ukitaka kujua mtu ana matumaini gani, usimuulize. Mtazame sakafu yake. Mwenye simenti ameshakata tamaa ya kuondoka, au ndivyo tunavyomsema akipita. Mwenye udongo bado anasubiri jina lake lisomwe kati ya wanaohamishiwa ng'ambo, apande ndege. Ndiyo maana kila Jumamosi wanawake wa mtaa wetu tunakanyaga udongo, tunauchanganya na majivu, tunazipaka sakafu za nyumba zetu upya kwa mkono, na hatulalamiki. Kulalamika kungekuwa sawa na kuomba simenti.

Katika dini hiyo, askofu wetu alikuwa Papa Fabrice, yaani baba yake Fabrice. Jina lake la ubatizo ni Ambroise, fundi wa bodi za magari kutoka Bukavu, Kongo, na mimi Gloriose, Mrundi, ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta tangu mwaka 2004. Ninayosimulia hapa sikuambiwa na mtu. Ukuta wetu ni wa matofali mabichi na haujawahi kuzuia neno hata moja.

Ambroise aliingia Malawi akiwa amelala chini ya turubai la lori la dagaa, yeye na mkewe na mtoto wao wa kwanza, na jambo hilo lilimuuma kuliko vita vyenyewe. Mtu aliyekuwa akinyoosha magari ya wakubwa wa Bukavu, kuingia nchi ya watu akinuka samaki! Basi akaapa kwamba hapa hatakaa. "Mi siwezi tia simenti kwa inchi ya bantu," alikuwa akituambia bombani. "Siye tunapita tu." Wakati huo alikuwa amepita miaka saba, hajasogea hata hatua moja, na watoto walikuwa wameongezeka wakawa wanne.

Mkewe ni Cécile, Mama Fabrice, fundi cherehani ambaye mkono wake unajulikana mpaka Dowa. Sasa, mshonaji hukatia kitambaa chini, maana nani hapa ana meza ya kutosha gauni la harusi? Cécile alitandika mkeka, juu ya mkeka shuka, juu ya shuka kitambaa, na bado vumbi jekundu lilipanda. Mwaka mmoja bibi harusi alimrudishia gauni lenye mstari mwekundu kwenye pindo lote, kana kwamba limeshavaliwa na mtu mwingine shambani. Cécile alilifua, akalifua tena, kisha akakaa mlangoni akalia. Mimi niliyekuwa naye nililia pia, kwa hasira.

"Papa Fabrice," nilimsikia jioni hiyo, "unitilie simenti kidogo tu. Chumba ya mbele, pa kukatia."

"Kidogo gani? Simenti ni simenti. Leo kidogo, kesho utanipandishia muti ya avoka." Avoka ni parachichi, mti wa mtu anayebaki.

Mwaka 2011 Ambroise alikuwa akipata ruhusa ya kutoka kambini na kwenda Lilongwe, mtaa wa Area 47, kwa bwana mmoja mwenye ofisi serikalini, Capital Hill, ambaye magari yake yalipenda kugonga mageti. Nyuma ya nyumba ya bwana huyo kulikuwa na gari la michezo, la viti viwili, paa la turubai la kukunja, jekundu enzi zake. Bwana alilinunua ujanani ili wasichana wamwone. Wakamwona, akaoa mmoja wao, na huyo hakutaka kuliona gari tena. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Kutu ilikuwa imekula milango mpaka unapitisha mkono ukasalimiana na aliye ndani. Mke wa bwana akasema atakayeliondoa uani kwake atamwombea, na Ambroise akasema zikomo, asante ya Chichewa, kabla mtu hajabadili mawazo.

Lilifika Dzaleka juu ya lori la mahindi, na watoto wa mtaa mzima wakalipokea kwa vigelegele kama mgeni rasmi. Cécile alitoka na futi yake ya kupimia nguo shingoni.

"Ni nini hii?"

"Ni voiture ya kwenda nayo aéroport," alisema Ambroise, yaani gari la kwenda nalo uwanja wa ndege. Kisha akaeleza, na umati ukamsikiliza. Siku majina yao yatakaposomwa, yeye hatapanda basi la wakimbizi na begi la plastiki mkononi. Aliingia nchi hii chini ya turubai. Atatoka akiwa ameshika usukani, paa wazi, watu wakimpungia.

Cécile alilizunguka gari, akachungulia ndani. "Viti ni viwili. Siye tuko sita."

"Batoto batapanda bisi."

"Na mi?"

"We utakaa kando yangu," alisema, na alisema kwa upole kiasi kwamba nusura mimi mwenyewe nimpende.

Alilijengea banda la matofali nyuma ya nyumba, na kuanzia hapo tukaamka na kulala kwa nyundo. Akasugua kutu kwa msasa miezi mingi, akawa mwekundu yeye, gari likawa jeusi. Halafu siku moja akarudi kutoka Area 47 na mifuko miwili ya simenti juu ya kabaza, baiskeli ya kukodi, mabaki ya ukuta mpya wa yule bwana.

Cécile aliiona ikija kutoka mbali. Aliingia ndani, akatoa godoro, akatoa sufuria, akatoa cherehani, akaniita tukabeba kabati. Akafagia chumba cha mbele, akanyunyiza maji vumbi litulie, akasimama mlangoni na ufagio, uso wake unang'aa. Ambroise akampita. Akaizunguka nyumba na mifuko yake, akaenda kwenye banda.

"Jeki inataka chini pagumu," alieleza tulipomfuata. "Gari ikikaa kwa udongo, kutu inarudilia."

"Na mi?" aliuliza Cécile.

"We hauna kutu," alisema mumewe, akicheka, akiamini kwamba amemsifu.

Nilikasirika mpaka nikaunguza maharage. Yeye wala hakuona kosa. Simenti ya nyumba ni kubaki, alitufafanulia bombani, lakini simenti ya gari ni kujitayarisha kuondoka. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali, maana wanaume wa bombani hukubali kitu chochote kisichowahusu wake zao. Cécile alirudisha godoro ndani, na sakafu ya banda ikasuguliwa kwa mwiko mpaka ikateleza. Ilikuwa sakafu nzuri kuliko zote mtaani, na aliyelala juu yake alikuwa gari.

Sitasema uongo, kazi ilikuwa ya fundi kweli. Alikwenda soko la Tsoka, Lilongwe, kutafuta spea, na wauzaji walipoelezwa ni gari gani waliita wenzao waje kumtazama mtu mwenyewe. Basi akaunda. Taa za nyuma zilitoka kwenye basi dogo lililokufa, kabureta kwenye pikapu. Mabati ya milango yalitoka kwenye madebe ya mafuta ya msaada, aliyapasua akayanyoosha kwa nyundo ya mbao. Chini ya rangi mpya, mlango wa kushoto bado una maandishi kwamba bidhaa hii haiuzwi. Jina letu halikusomwa mwaka ule, wala la kwao, lakini gari lilianza kung'aa.

Mwaka 2013, mvua za Novemba zilipoanza, kwaya yetu iliagiza kanzu mpya za Noeli kwa Cécile. Nyeupe. Kwaya ilikuwa imealikwa kuimba kwenye kanisa moja huko Area 47, na Pascaline, kiongozi wetu, alisema hatutaenda mjini tukionekana kama tumetoka kuchimba viazi. Hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa Cécile. Akiiharibu, hakuna atakayemletea tena kitambaa cheupe. Na sakafu ya udongo wakati wa mvua haitoi vumbi tu, inatoa jasho.

"Papa Fabrice, hizi kanzu mi nitazikatia wapi?"

"Noeli ikipita tutaona," alisema. Akaondoka kwenda Lilongwe kutafuta mpira wa kioo cha mbele, akalala huko.

Asubuhi Cécile alisimama mlangoni kwangu. "Gloriose, lete mikono."

Tulikuwa wanakwaya watano. Tulisukuma, gari likakataa, tukaomba, likakataa. Ndipo Cécile akaingia, akakaa kwenye kiti cha dereva, akashusha breki ya mkono kama mtu aliyezaliwa humo. Kumbe miaka yote ile alikuwa akitazama. Akashika usukani, sisi tukasukuma huku tukiimba sauti ya pili, na hivyo ndivyo gari la Papa Fabrice lilivyofanya safari yake ya kwanza, kutoka bandani mpaka kando ya jiko. Hakuwa mkatili. Alilifunika kwa turubai, akafunga pembe zote nne. Kisha akaiosha sakafu kwa sabuni ya mche, akatandika shuka, juu ya shuka kitambaa cheupe, akapiga magoti na mkasi.

Ambroise alirudi adhuhuri ya Jumamosi, mpira wa kioo umemzunguka shingo. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Alilikuta gari nje, chini ya turubai, akasimama. Majirani wote tulipata ghafla kazi ya kufanya karibu na uzio. Akaenda kwenye banda, akafungua mdomo.

"Vua viatu," alisema Cécile bila kuinua kichwa.

Akavua. Tuliokuja kutazama ugomvi tulivunjika moyo. Alisimama peku kwenye sakafu aliyoimwaga mwenyewe, na nilimwona akisugua unyayo pale taratibu, kama anayejaribu maji. Kila mahali kulikuwa na weupe. Alitoka, akalifunua gari upande mmoja, akaingia ndani, akakaa.

Alikaa humo mpaka saa ya chakula cha jioni. Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta nikikanyaga udongo, maana Jumamosi ni Jumamosi. Nikamsikia Cécile akija, nikasikia mlango wa madebe ukifunguliwa na kufungwa. Alikuwa amempelekea nsima, ugali wa huku, na maharage, na amekaa kwenye kile kiti cha pili.

Walikula. Baadaye Ambroise akasema, kwa sauti ambayo sikuijua, "Mama Fabrice, nikitia simenti kwa nyumba, ni kusema tunabaki."

"Tulishaka baki zamani," alisema Cécile. "Batoto yako banasemaka Chichewa mu usingizi. We tu njo haujafika."

Nikasikia maji yakimiminwa, Ambroise akimnawisha mkewe mikono.

Wiki iliyofuata alimwaga simenti kwenye nyumba, vyumba vyote, na hakuzungumza na mtu bombani mwezi mzima. Bandani kanzu zilikwisha zikiwa nyeupe kweli, cherehani ikahamia nyumbani, gari likarudi mahali pake. Jumapili kabla ya Noeli liliwaka kwa kelele ya aibu. Kwaya tulipanda lori. Kanzu, zikiwa zimefungwa kwenye plastiki, zilipanda gari la michezo, juu ya mapaja ya Cécile, paa wazi. Njiani mvua ikanyesha na lile paa likakataa kufunga. Waliingia Area 47 wameloa chapachapa, yeye na mumewe wakicheka kama wendawazimu, na kanzu kavu. Watu wa mjini waliwapungia mikono.

Sasa ni 2016. Jina lao halijasomwa, na mti wa avoka alioupanda Cécile umeshapita dirisha lao. Mimi sina tena jirani wa ukuta wa kukanyaga naye udongo siku za Jumamosi. Mwezi uliopita Ambroise aliniletea mlangoni nusu mfuko wa simenti iliyobaki kwenye kazi yake, akasema inatosha chumba cha mbele. Nilimshukuru sana. Kisha nikamwambia airudishe, sisi tunapita tu.