Sura Zilizolala Kitandani kwa Bi Élida

Heber Bidegain alifanya kazi posta hapa Paysandú, mji wetu wa kando ya mto, kwenye dirisha la vifurushi, na kwa miaka mingi mtaa mzima ulimhesabu kuwa msomi. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na nilifundisha fasihi sekondari mpaka nikastaafu. Niseme mapema kwamba sikumheshimu. Punda naye hubeba vitabu, na hakuna anayempigia saluti.

Alichokuwa nacho Heber ni mbinu. Aliipata ujanani kwenye kijitabu alichoagiza kwa posta. Unachagua nyumba unayoijua vizuri, kisha kila sura ya kitabu unaiweka mahali pake: ya kwanza mlangoni, ya pili kwenye kigingi cha kofia, ya tatu juu ya cherehani, hivyo hivyo mpaka uani. Ukitaka kukumbuka, unafumba macho, unaingia ndani na kuokota ulichoacha. Heber alichagua nyumba ya mama yake, Bi Élida, ambamo alizaliwa na hakuwahi kuhama.

Mbinu yenyewe haina ubaya. Wanafunzi wangu niliwafundisha mito ya nchi kwa njia hiyo na hawakuisahau. Lakini mto ukishajua jina lake na unakoelekea, umemalizana nao. Kitabu sivyo. Nilimwambia hivyo siku moja barazani kwangu, tukinywa mate, ile chai chungu ya kwetu inayovutwa kwa mrija kutoka kwenye kibuyu. Nilimwambia akimaliza sura akifunge kitabu, aisimulie kwa maneno yake mwenyewe, na pale atakapokwama ajue hapo hakuelewa, arudi kusoma. Ajiulize kwa nini mtu fulani alitenda alivyotenda. Abishane na mwandishi kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Ikipita wiki, ajaribu tena bila kuchungulia. Heber alivuta chai mpaka mrija ukalia, akanirudishia kibuyu.

"Hayo ni ya watoto, Mwalimu Zulma," akasema. "Mimi sisahau. Sasa nirudie nini?"

Akaanza kufundisha watu mbinu yake kwenye klabu ya mtaa, Jumamosi mchana. Walikuja makarani, wake wa wafanyabiashara, hata daktari wa meno. Aliwaringia kwa kuwataka wataje sura yoyote ya kitabu chochote alichosoma, naye anafumba macho na kuwapa: nani aliingia, alivaa nini, farasi alikuwa wa rangi gani. Walipiga makofi kama wako kwenye sarakasi. Hakuna aliyemuuliza kama kitabu kilikuwa kizuri, na nadhani angeshangaa kuulizwa.

Mwaka ule baridi ya Julai ilikuwa kali, yenye unyevu wa mto unaoingia hadi kwenye mifupa. Bi Élida alikuwa na baridi yabisi ya magoti, na chumba chake kilikuwa upande wa kusini usiopata jua, kuta zinatoa maji. Asubuhi moja, Heber akiwa kazini, aliniomba nimsaidie kusogeza kitanda chake jikoni, karibu na jiko la kuni. Tukakisukuma mimi na yeye, tukipumzika kila hatua na kucheka kama wasichana. Akakaanga maandazi kwa mafuta ya ng'ombe, maana mvua ilikuwa inanyesha, na kwetu siku ya mvua ni siku ya maandazi, tukala.

Heber aliporudi nilikuwa bado pale. Hakuvua hata koti. Alisimama akitazama kitanda kama mtu aliyekuta nyumba imeibiwa.

"Mama, kitanda hicho kina vita," akasema.

Bi Élida hakuelewa. Heber akamweleza, kwa subira ya mtu anayezungumza na mjinga, kwamba kwenye kitanda kile ameweka historia nzima ya vita vya karne iliyopita, na chini yake riwaya mbili, na kikihama vyote vinachanganyika na mambo ya jikoni. Kabati nalo asiliguse. Wala cherehani.

"Na magoti yangu umeyaweka wapi?" mama akamuuliza.

Alijibu kwamba atamnunulia blanketi. Kisha akakirudisha kitanda chumbani peke yake, akipima kwa macho mpaka miguu ya kitanda ikakaa kwenye alama zake za zamani sakafuni. Niliondoka bila kuaga. Nimewaona wanaume wanaowanyima mama zao chakula kwa ajili ya pombe, nikawaonea angalau huruma kidogo. Huyu sikumwonea.

Mwezi uliofuata klabu ilimpa Jumapili nzima aeleze riwaya moja, kubwa, iliyokuwa ikisomwa na kila mtu mjini. Ilihusu mfugaji aliyemfungia mlango binti yake wa pekee aliporudi nyumbani usiku wa mvua. Bi Élida aliijua, kwa sababu Heber alikuwa akiisoma kwa sauti jikoni, huku yeye akimenya viazi. Akaniomba nimsindikize.

Heber alizungumza saa nzima, macho yamefumbwa, bila karatasi. Alitaja majina ya mbwa. Alipomaliza, makofi yakavuma, na mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Bi Élida akanyoosha mkono.

"Yule baba," akasema, "kwa nini hakumfungulia binti yake?"

"Sura ya tisa, mama," Heber akajibu haraka. "Mlango ulikuwa na makomeo mawili, la chini lilikuwa na kutu. Binti aligonga, akaita mara tatu..."

"Sikuuliza makomeo. Nimeuliza kwa nini."

Heber alifumba macho tena. Tukamngoja. Niliona uso wake ukizunguka chumba hadi chumba, akipekua kigingi, kabati, kitanda cha mama yake, na hakukuwa na kitu. Mwisho akasema kwamba kitabu hakisemi. Daktari wa meno akakohoa. Mtu wa nyuma akasema, bila kejeli, kwamba yeye alidhani kitabu kizima ndicho kinachosema hilo, na watu wakaanza kubishana, huyu akisema ni kiburi, yule akisema ni woga, mpaka mwenyekiti akashindwa kuwanyamazisha. Ndiyo Jumapili nzuri kuliko zote nilizoziona kwenye klabu ile, na Heber alisimama katikati yake kama kabati.

Bi Élida hakurudi kwake siku ile. Alisema njiani, kwa utulivu, kwamba amechoka kulala juu ya vita. Alihamia kwangu, jikoni mwangu mna joto. Siku ya tatu tulimlipa mwenye mkokoteni akatuletea nguo zake na cherehani yake, na jioni ile ile Heber akabisha hodi. Nikadhani amekuja kumwomba mama msamaha. Alikuwa amekuja kudai cherehani. Kulikuwa na sura za tatu za vitabu vyake vyote pale, akasema, na tangu iondoke anaona pengo.

"Zitoe sura zako uende nazo, mwanangu," Bi Élida akamwambia. "Cherehani niachie."

Akaenda. Nilisikia baadaye aliweka sanduku la biskuti mahali pale.

Bi Élida aliishi kwangu miaka sita. Tulikuwa tukisoma sura moja mchana, tunafunga kitabu, ananisimulia nilichomsomea, akikosea namkatiza, nikikosea mimi ananikatiza kwa furaha zaidi. Alimchukia yule baba wa riwaya mwaka mzima, kisha akamsamehe, kisha akamchukia upya kwa sababu nyingine.

Alipofariki, Heber alizungumza kaburini. Alisema kwa kichwa ukurasa mzima kuhusu upendo wa mama, wa mwandishi fulani, bila kukosea hata koma. Watu walilia. Yeye hakulia. Tukitoka alinishika kiwiko, akaniuliza kama nilitambua ukurasa ule unatoka kitabu gani.

Nikamwambia sikutambua, nikatangulia kwenda langoni.