Mkono wa Mama Mlangoni

Gari la baba halikuwa na paa, na katika mtaa wote wa Mwanga wa utoto wangu sikumbuki jingine la namna hiyo. Lilikuwa dogo, la buluu, la milango miwili, lenye turubai ambalo baba alilikunjia nyuma hata siku wingu limetanda ziwani mpaka milima ya Kongo haionekani. Alilinunua kwa daktari mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, wakati huo baba akiwa karani bandarini. Kila Jumamosi asubuhi alitupeleka Ujiji, akaliingiza gari ziwani mpaka maji yafike nusu ya magurudumu, akaliosha kama watu wengine wanavyoosha baiskeli. Sisi watoto watatu tulibanana nyuma. Mama alikaa mbele, mkono wa kushoto ameutoa nje, kiganja kimelala juu ya mlango, bangili zinang'aa.

Mkono huo uliniudhi kuliko kitu chochote.

Wanawake wa sokoni walisema mama anaringa, na baba naye aliwapa nafasi ya kusema kwa jinsi alivyoendesha. Kabla ya kufika Ujiji kulikuwa na mfereji uliokatiza barabara. Akiukaribia alipunguza mwendo mpaka baiskeli zilizobeba madumu ya mawese zikatupita, wenyewe wakigeuka kututazama na kucheka. Nilipofika darasa la saba uvumilivu ukaniishia. "Mama, ingiza mkono ndani bwana, watu wanasema unaringa!" Kwa nyumba yetu, hiyo ilikuwa lugha ya kutafuta viboko. Mama hakugeuka hata. "Waache waseme," alijibu, na mkono haukusogea.

Nilinuna mpaka Ujiji. Mimi nikinuna, hununa kwelikweli, na siku hiyo nilikataa hata kushuka kuchezea maji.

Miaka mingi imepita. Nikawa mwalimu wa sekondari hapahapa mjini, na macho ya baba yakaanza kufifia. Siku alipokwaruza geti la nyumba yake mwenyewe, alizima gari, akaniletea funguo bila kuombwa na mtu. "Usilikimbize," alisema, basi. Kaka zangu wawili wanaishi mbali, na walipopata habari wakacheka sana kwenye simu. Waliniuliza kama nimerithi gari au kopo.

Wiki ileile nilimpa lifti mwalimu mwenzangu. Tulipopita kwenye mfereji gari zima likajinyonga kama nguo inayokamuliwa. Usukani ulinitetemekea mikononi, kioo cha mbele kikayumba, na mlango wa kushoto ukafunguka wenyewe, wazi kabisa. Mwenzangu aliwahi kuning'ang'ania bega. Madaftari ya Kidato cha Pili hayakuwahi chochote, yakatawanyika barabarani, na wauza nyanya wakayaokota huku wakinisomea alama za watoto kwa sauti.

Nilirudi nyumbani nimefura. Hasira yangu ilikuwa na sababu, maana baba alikuwa amejisifu maisha yake yote kuhusu mlango huo. Zamani, nikiwa bado mchanga, ulikuwa ukifunguka ovyo, na yeye mwenyewe akaukomesha kwa kuchomelea chuma kimoja kirefu cha pembe, engo, chini ya bodi. Hakuna mgeni aliyekanyaga kwetu asisikie habari za ile engo, hata waliokuja kutupa pole ya msiba. Sasa nilitaka kumuuliza vizuri engo yake ilikuwa wapi wakati madaftari yangu yanaruka. Kabla sijamfikia, mama akanivuta jikoni na kurudishia mlango.

"Umefunguka?" aliuliza.

"Umefunguka, mama! Nimeponea chupuchupu kumuua mwalimu mwenzangu!"

"Shusha sauti." Alichungulia nje kwanza. "Ile engo haikusaidia kitu. Niliona tangu siku ya pili yake. Mlango nimeushika mimi, miaka yote hiyo."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Alikuwa amefurahi sana," alisema, kama mtu anayeeleza jambo dogo. "Wewe lipeleke kwa fundi, litengenezwe likae sawa. Ila baba yako asijue kwamba kazi yake haikufaa. Nakuomba, mwanangu."

Mama hakuwahi kuniomba kitu. Alikuwa mtu wa kuagiza. Niliikumbuka ile Jumamosi niliyonuna, nikaona aibu ya kweli, aibu ya mtu mzima kwa ajili ya mtoto mjinga aliyekuwa yeye.

Fundi niliyempata yuko Mwandiga, mtu wa familia ya Kirundi iliyohamia huku zamani, anayechomelea mageti na kutengeneza boti. Nilimtangulia baba kwa siku moja nikamweleza fundi siri yetu. Ilikuwa lazima, kwa sababu baba alishasema hawezi kuachwa nyumbani. "Chuma changu atakijua nani kama si mimi?" Kesho yake akaja na kiti chake cha plastiki, akakaa kivulini, fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo, mzee," fundi alisema.

"Marahaba. Hiyo engo ni kazi yangu, uitazame vizuri."

Fundi akaweka jeki chini ya pembe moja ya mbele, akaniita nitazame uwazi ulio kati ya mlango na bodi. Gari likiwa chini, kidole kilipita. Lilipoinuliwa, njiti ya kiberiti haikupita. Akaokota katoni la sabuni. "Mwalimu, katoni likiwa na mfuniko limekaza. Kata mfuniko, ulishike pembe, linajinyonga hivi. Gari la wazi ndilo hilo. Nguvu zake zote ziko kwenye vizingiti hivi vilivyo chini ya milango." Kisha akashusha sauti. "Mzee alichomelea gari likiwa limepandishwa juu ya magogo, kama tunavyofanya boti. Katikati lilikuwa limebonyea. Akalifunga hivyohivyo na ubonyeaji wake."

"Anasemaje?" baba aliuliza kutoka kivulini.

"Anasema engo imekaa vizuri, baba!" Nilidanganya kwa sauti yangu ya darasani, na fundi akainama kuficha kicheko.

Safari hii gari lilisimama chini kwa magurudumu yake yote manne, mahali pa sakafu sawa. Fundi alifunga milango, akachomeka njiti za kiberiti kuzunguka kila mlango mpaka uwazi ukalingana, kisha akashikiza nondo kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma ili kitu kisihame wakati anakata. Hapo ndipo akawasha grainda akafungua kizingiti cha kushoto. Ndani hakukuwa na chuma cha kutosha hata kutengeneza kijiko. Kulikuwa na kutu, na mchanga. Mchanga ulimwagika chini ukafanya kichuguu, mweupe, na ndani yake vigamba vidogo vya konokono wa ziwani.

Jumamosi zetu zote zilikuwa humo. Nilikaa juu ya tairi nikalia kidogo, na sikujali fundi anaona.

"Nini hicho kinamwagika?" baba aliuliza.

"Mchanga, mzee."

"Nipe." Akasugua kiganjani, akaunusa. "Wa Ujiji huu," alisema, akaanza kucheka mwenyewe. "Kumbe nilikuwa naliosha na kuliozesha kwa wakati mmoja!" Nilishangaa jinsi alivyolimeza kosa hilo bila taabu. Nilitarajia angebisha.

Vizingiti vipya vilikuwa vya bati nene maradufu. Chini ya sakafu fundi aliongeza vyuma viwili vilivyopishana kama mkasi, akichomelea kidogo kushoto, kidogo kulia, na kuacha vipoe, kwa maelezo kwamba moto mwingi nao unapinda. Engo ya baba ilibidi ikatwe. Fundi aliiburuta kuelekea kwenye vyuma chakavu, nami nikamzuia kwa ukali kama nimemkuta na mali ya kuibwa. Akafikiri, kisha akaikata kwa kipimo na kuikaza nyuma ya viti vya mbele, kutoka ubavu hadi ubavu. "Hapa itafanya kazi," alisema.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Ujiji. Mama alitaka baba akae mbele, lakini alikataa katakata. "Kile kiti ni chako," alimwambia, akapenya nyuma akipapasa. Mkono wake ukagota kwenye ile engo. Aliipapasa kutoka mwanzo mpaka mwisho, akafika kwenye alama ya nyundo yake mwenyewe.

"Imehama," alisema.

 Mama alitazama mbele tu. "Imehama kidogo, baba," nilijibu, "fundi aliona hapo inafaa zaidi." Baba akaiachia, akajikalisha sawa.

Tukaondoka. Mama aliutoa mkono wake nje, akakiweka kiganja mahali pake juu ya mlango. Nilitaka kumwambia hapana haja tena, ila baba alikuwa nyuma yetu anasikia. Tulipoukaribia mfereji nilipunguza mwendo kama tulivyozoea. Gari likaingia na kutoka kama kitu kimoja. Usukani ulitulia, kioo hakikuyumba, mlango haukutoa hata mlio. Bado mama alikuwa ameubana, mishipa ya mkono imesimama, mkono wenyewe sasa umekonda mpaka bangili zinacheza.

Ndipo baba akainama kutoka nyuma. Macho yake hayaoni hata sahani mezani, lakini alinyoosha mkono kandokando ya mlango na kuufikia mkono wa mama bila kuutafuta.

"Achia, mama watoto," alisema. "Sasa mlango umeshika wenyewe."

Mama aligeuka polepole. "Kumbe ulijua?"

"Wewe unadhani nilikuwa natambaa kwenye huu mfereji kwa ajili ya nini? Nilikuwa sitaki uchoke mkono."

 Mama aliuingiza mkono ndani, akauweka mapajani, akauhamisha, kama mtu aliyepewa mzigo asiojua auweke wapi.  Baiskeli moja yenye madumu mawili ya mawese ikatupita, kengele ikilia.

Baba akanigonga begani kwa kidole. "Mwalimu," alisema, "ongeza mwendo."