Kiota Kilichoogopwa

Mwanzo wa habari hii nimeuandika na kuuchana mara nyingi, hapa Kibeta ninapoishi kwa shangazi, kwa sababu kila mara nilikuta nimemwonea baba au nimemwonea yule ndege. Sasa nauacha ulivyo. Nikisubiri uwe sawasawa hautaandikwa kabisa.

Ndege mwenyewe ni fundichuma. Mwili wote una rangi ya udongo, na kishungi chake kimelala nyuma, hata kichwa kinafanana na nyundo. Kwetu, upande wa Rubya, watu walimwogopa kuliko nyoka. Walisema akilia juu ya nyumba, humo ndani mtu ataugua. Akiokota kipande cha nguo yako akakishindilia kwenye kiota chake, umekwisha. Na anayevunja kiota hicho ataiangamiza nyumba yake. Ndiyo maana mgunga uliokuwa bondeni, penye chemchemi, haukuwa umeguswa na shoka hata mara moja. Fundichuma wawili walikuwa wamejenga humo kiota kikubwa kuliko banda letu la kuku.

Nilianza kuwatazama mwaka niliomaliza darasa la saba nikakosa nafasi ya sekondari. Asubuhi nikienda kuteka maji, niliweka debe chini nikakaa juu ya jiwe. Hapakuwa na wa kunifundisha, kwa hiyo nilijifunza kwa kukosea. Nilidhani mlango uko juu, kumbe uko ubavuni, karibu na chini, mwembamba kiasi kwamba ndege hubana mabawa na kujirusha ndani. Makosa yangu yaliniumiza. Siku moja nilimwambia mama kwamba wanakula samaki, halafu nikaona ni chura, nikarudi mbio jikoni kusahihisha.

"Chura, samaki," mama alisema bila kugeuka. "Sisi tunakula maharage. Maji yako wapi?"

Baba alikuwa katekista wa kigango chetu. Kwake nilijifunza kwamba Bwana alituambia tuwatazame ndege wa angani, na mimi nililichukua neno hilo kama amri, pamoja na zile nyingine zote nilizoogopa kuzivunja. Ilikuwa amri pekee niliyoifurahia. Kanisani sala zangu zilikuwa za hofu. Nikitoka kuungama nilibaki nikijiuliza kama nimesema yote, na kama nimeyasema kwa mpangilio unaofaa. Pale juu ya jiwe sikujiuliza. Nilitazama tu, na nilijua nami ninatazamwa, bila kukaripiwa.

Kisha kijiji chetu cha ujamaa kikaamua kujenga zahanati. Matofali yalifyatuliwa kule rweya, kwenye mbuga ya nyasi juu ya vibanja vyetu vya migomba, lakini kuni za kuyachomea zilikosekana. Mgunga ule ungetosha kuanzia. Vijana wakakataa kuukata. Mwenyekiti wa kijiji akaja nyumbani kumwona baba.

"Katekista, watu wako wanamwogopa ndege," alisema. "Mimi nikisema, wananiona natafuta sifa kwa wakubwa. Sema wewe."

Jumapili iliyofuata padri hakufika, kama ilivyokuwa mara nyingi, na baba ndiye aliyeongoza ibada. Alininyooshea mkono mbele ya watu wote.

"Huyu binti yangu hukaa chini ya kiota kile kila asubuhi. Amepatwa na nini?"

"Amekosa mchumba," kijana mmoja alisema kutoka nyuma.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana nilidhani baba anawatetea ndege wangu. Alisema fundichuma ni kiumbe cha Mungu kama njiwa na hana uwezo wa kumdhuru mtu. Alisema Mkristo anayemwogopa anamtukana Muumba. Nyumbani niliyapitia maneno yake moja moja. Sikuona kosa.

Kesho yake wanaume walishuka bondeni na mashoka, baba akiwa mbele. Nilimkimbilia.

"Tata, wana makinda. Nimeyasikia. Tungoje mpaka yaruke."

"Nikingoja, watasema katekista naye anaogopa."

"Si kuogopa, Tata. Ni huruma."

"Watatofautishaje?" aliniuliza. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Njoo usimame karibu nami. Wakuone."

Nikasimama karibu naye. Bibi mmoja mjane, jirani yetu, alikuwa ameshuka na fimbo yake.

"Mwacheni ndege, waitu," alisihi. "Mtatuletea msiba."

"Bibi, wewe hukubatizwa?" baba alimwuliza.

"Nilibatizwa. Na ndege huyo alikuwapo."

Wanaume wakaangua kicheko. Baba akapiga shoka la kwanza, wengine wakafuata. Mti ulipoanguka, kiota hakikuvunjika. Kilibingirika hadi kwenye matope ya chemchemi kikatulia. Vijana wawili wakapanda juu yake wakarukaruka, nacho kikawabeba. Nilikuwa nimehisi siku nyingi kwamba paa lile lingebeba mtu. Ninaona aibu kusema kwamba kwa nukta moja nilifurahi kuwa nilikuwa sahihi.

Walikitoboa kwa jembe. Ndani kulikuwa kumesilibwa udongo laini kama wa chungu. Wanawake walisogea haraka, lakini hawakuangalia makinda. Walipekua vijiti wakitafuta vitambaa vyao. Mmoja alivuta utepe wa kanga yake, akaufutika kifuani na kuondoka bila kuteka maji. Kijana aliyenitania kanisani akamnyanyua kinda kwa mguu mmoja.

"Haya, mchawi, niue," alimwambia. Alingoja kidogo, akawageukia wenzake. "Amekataa." Akamtupia mbwa. Kisha akawatupa na wengine.

Nilimtazama baba. "Kazi iendelee," alisema.

Wazazi walirudi tukiwa bado pale, mmoja ana chura mdomoni. Walizunguka juu, mahali penye hewa tupu, wakazunguka tena, halafu wakapanda mlima wakilia. Wote tuliinua macho.

"Wanaelekea kwa katekista," mtu alisema. Safari hii hakuna aliyecheka.

Bondeni ilikuwa imebaki miti mingine, na kila mmoja ulikuwa na ndege wake: kwera waliofuma viota juu ya maji, mdiria, na wengine ambao sikuwa nimewajua vizuri. Tanuru lilihitaji kuni zaidi. Vijana walimwambia mwenyekiti kwamba wataikata, lakini kwanza wataona nyumba ya katekista itakuwaje. Basi tukaanza kusalimiwa kuliko tulivyowahi kusalimiwa.

"Mmeamkaje? Wote? Na yule mdogo? Nilimsikia akikohoa."

"Ni moshi wa jikoni," mama alijibu.

Hapo ndipo niliposali sala ambayo sijamwungamia padri yeyote. Nilimwomba Mungu ampe baba homa. Niliipanga kwa uangalifu, ili pasitokee makosa: isiwe ya kuua, isimguse mama wala mdogo wangu, iwe ya kumlaza tu watu wamwone, wayaache mashoka. Ilipokawia nikaingiwa na woga, nikabadilisha, nikaomba iwe yangu. Nilisimama kwenye mvua. Nililala na gauni bichi. Nilitaka kupakiwa kwenye machela, nipitishwe mbele ya nyumba zao kwenda hospitali.

Sikupata hata mafua.

Wiki hazikupita nyingi vijana wakaridhika. Siku waliyoshuka kukata miti iliyobaki, baba alinikuta uani nikimenya ndizi. Alinitazama kwa upendo, na nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

"Unaona, mwanangu, Mungu alivyo mwema?" alisema. "Hata wewe umenenepa."

Nilikuwa nimenenepa. Mashoka yakaanza kusikika kutoka bondeni, nami nikaendelea kumenya.