Chai Juu ya Mawe ya Mtihani

Mjukuu wangu anasomea mawe. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani ni mzaha, kwa sababu mimi nimeishi na mawe tangu nizaliwe huko Matulo na hakuna mtu amewahi kunipa cheti. Lakini nilipoelewa kwamba ni chuo kikuu kweli, na kwamba yeye ndiye msichana pekee kati ya wanafunzi wanane, niliutangazia mtaa wetu wote wa Kibomet. Wamama wa kanisa walichoka na mimi. Nikisimama kutoa ushuhuda wanaanza kutafuta viatu vyao.

Kwa hivyo aliponipigia simu kutoka Bungoma, akisema mpishi wao amewahepa na kesho wanaenda milima ya Cherangani kwa siku tatu, sikumngoja amalize.

"Kukhu, ni kupika tu," alisema. Hivyo ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya. "Hutapanda mlima."

"Nani amekwambia siwezi kupanda mlima?"

"Si ni hilo goti lako."

"Goti gani? Wewe pitia hapa Kitale unichukue."

Ndani ya gari aliniambia mambo waziwazi. Hii safari ndiyo mtihani wake wa mwisho. Alikuwa anatafuta jiwe moja la mistari, la kutoka mahali fulani juu kabisa, alikate chuoni liwe jembamba kama ganda la kitunguu na aliandikie kitabu. Bila hilo jiwe, hamalizi mwaka huu. Mimi nilikuwa nimeshanunua kitenge cha siku ya kuhitimu, na fundi ameshakikata. Nikamwambia atalipata, mimi nitaomba.

Tulipiga kambi kwenye shamba la mzee mmoja juu ya Kapcherop. Mwalimu wao ni kijana wa miwani, mpole, kofia yake kubwa kama ungo. Alitupeleka kwenye mwamba kando ya barabara akaeleza kwamba zamani, kabla ya kitu chochote chenye miguu, haya yote yalikuwa matope. Yakazikwa chini sana, yakafinywa, yakapikwa na joto la ardhi mpaka yakageuka kuwa hivi, mistari myeupe na myeusi, na vitu vya kumetameta.

"Kumbe yamepikwa!" nikasema. Wanafunzi wakacheka. Nikaona nimeelewa somo kuliko wote.

Siku ya pili walipanda tangu asubuhi. Saa nane walirudi wamechoka, wakapanga mawe yao kando ya gurudumu la gari, kila moja limepakwa rangi nyeupe kidogo na kuandikwa namba, kisha wakashuka mtoni kunawa. Mimi nilikuwa nachemsha chai. Gesi ikaisha.

Sasa, mwanamke wa kwetu hashindwi na gesi. Kuni ziko, moto uko, kinachotakiwa ni mafiga, mawe matatu ya kuweka sufuria. Na mafiga yanachaguliwa. La mtoni hapana, litapasuka likurushie vipande usoni. Unatafuta jiwe kavu la mlimani, unaligonga na lingine, unasikiliza. Likilia vizuri, unalichukua. Nilizunguka shamba lote nikagonga nikachoka. Kisha nikaona yale ya kando ya gurudumu. Makavu. Yana uso bapa. Nikayagonga, yakalia kama sahani.

Namba niliziona. Nisiseme uongo, macho yangu yako sawa. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na shuleni kwetu sahani ziliandikwa namba ili watoto wasigombane. Nikajua hawa wameandika mawe ya kukalia, kila mtu na lake. Nikasema moyoni, watatu watakaa chini kwa nyasi, hawatakufa.

Chai ilichemka haraka ajabu. Nilikuwa naisifu peke yangu waliporudi.

Mjukuu wangu ndiye aliyeona kwanza. Alisimama akiangalia chini ya sufuria.

"Kukhu. Hiyo ya huku upande wangu."

"Iko na nini?"

"Ndiyo yangu."

Nililitoa kwa kijiti. Lilikuwa jeusi tititi, rangi yote imeungua, na lilipogusa nyasi baridi likaachana katikati kama mkate. Kijana mmoja akasema, "Shosh, ai, umetumaliza bana!" Lake lilikuwa figa la pili, lakini yeye alikuwa na mengine manne. Mjukuu wangu alikuwa na hilo moja.

Mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nilimgeukia mwalimu nikaanza kujitetea.

"Si wewe ulisema yameshapikwa? Moto wangu mdogo umeongeza nini?"

Mwalimu alivua miwani akaifuta. "Yalipikwa polepole sana, mama. Na hayakupikwa na masizi." Kisha akamwambia mjukuu wangu kwamba jiwe lililochomwa halipimiki, na mshale uliochorwa kuonyesha lilivyokuwa limelala mlimani umeungua pia. Gari linaondoka kesho saa sita. Akitaka, apande alfajiri.

Mimi nikasema nitampeleka.

Sijui ni nani aliyesema maneno hayo ndani ya kinywa changu. Wote walijaribu kunizuia nikawafokea. Alfajiri nilitangulia mbele na fimbo, nikimwambia afuate hatua zangu, na kwa muda wa kama nusu saa nilikuwa simba. Kisha goti likafunga. Nikakaa kwenye nyasi zilizolowa, nikasimama, nikakaa tena. Mjukuu wangu akanishika kwapa. Tukapanda hatua kumi, tukapumzika. Hatua saba. Hatua nne. Nilimwona akiangalia jua.

Nilivunja jiwe lake jana, na leo nilikuwa nakula saa zake.

"Niache hapa," nikasema.

"Siwezi kukuacha peke yako porini, Kukhu."

"Pori gani? Kuna ng'ombe pale. Mama wee, nenda! Nikikuona hapa tena nakuchapa na hii fimbo."

Akaenda. Mimi niliyepiga kelele Kibomet yote nikabaki nimekaa kwenye nyasi, kazi yangu yote ikiwa kutomsumbua mtu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Ng'ombe mmoja alikuja akanitazama muda mrefu. Nikamwambia na yeye aende.

Mvua ilianza. Mwishowe nikamsikia anakuja, mawe madogo yakiporomoka mbele yake. Alikuwa ametoa sweta na kufunga kitu ndani, amekikumbatia kifuani, anatetemeka.

"Ni lenyewe?"

"Ni lenyewe. Nimechora na mshale. Kukhu, tumechelewa."

"Kimbia. Mimi najua njia ya kushuka."

Njia niliyojua ni ya makalio. Niliteleza karibu mlima wote nimekaa, sketi ikararuka nyuma, na nilipofika kambini wale vijana saba walikuwa wamejipanga kando ya gari wakinipigia makofi. Gari lilikuwa linanguruma. Mwalimu alikuwa ameshika lile jiwe, analigeuzageuza karibu na miwani. Akamrudishia mjukuu wangu akisema, "Hili ni zuri kuliko la jana." Nilifungua mdomo kusema basi nilifanya vizuri kuchoma lile la kwanza. Mjukuu wangu akanitazama. Nikaufunga.

Tuliketi pamoja nyuma. Alilala begani pangu kabla hatujafika lami, jiwe mapajani, nusu yake kwa mapaja yangu. Lilikuwa zito na baridi, na mguu wangu ulikufa ganzi hapo hapo. Sikulisogeza hata kidogo mpaka Kitale.