Birika Lililofika Vipande

Fundi wetu wa mabirika ya udongo, aliyeyauza mtandaoni, alijigamba kwamba hata tembo akilikalia boksi lake, chombo hakivunjiki. Mama mmoja alipotuma picha ya birika lililopasuka njiani, fundi akamjibu hadharani, wateja wote wakisoma: “Mama, umeliangusha mwenyewe. Uongo huo kawauzie wenzio.”

Mwezi uliofuata akamtumia dada yake birika kama lile. Dada akapiga simu.

“Kaka, limefika vipande. Hukukifunga kifuniko peke yake, kimeligonga njia nzima, mtaalamu wewe.”

Fundi akanywea. Akamwandikia yule mama, akaomba radhi, akaahidi birika jipya.

“Nilishanunua kwingine,” mama akajibu.

Fundi akaenda kuyafuta maneno yake ya mtandaoni. Chini yake wateja thelathini walikuwa wameshamcheka yule mama.