Alimpa Mwenzake Nafasi ya Barabarani, Kisha Akaililia

Saa mbili asubuhi, lori dogo la rangi ya samawati linakata kona ya machimbo ya mawe nje kidogo ya mji wa Isiolo, na nyundo zote zinanyamaza. Kila mwanamke ameketi kando ya rundo lake la kokoto. Kila mmoja anajua kwamba dereva atashuka, atatazama, kisha atanyoosha kidole mara moja tu.

Kidole kinaelekea kwa Khadra. Tena.

"Alhamdulillahi," anasema Khadra, mjane wa miaka thelathini na kitu, akijipangusa vumbi usoni kwa ncha ya mtandio.

Hatua chache nyuma yake, Karambu anatua nyundo chini, anakaza leso kiunoni na kushika sepetu. Sheria ya timbo, kama wenyewe wanavyoyaita machimbo haya, ni moja: lori likifika, wote wanapakia, liwe limemwendea nani. Leo kwako, kesho kwangu. Taabu ya Karambu ni kwamba kesho yake imekataa kufika.

Anapakia. Sepetu moja, sepetu ya pili, uso umekunjamana kama mtu aliyeuma ndimu. Lori linapoondoka limebeba nusu ya rundo la Khadra, Karambu anarudi kwa rundo lake na kuliangalia. Ni kubwa kuliko yote hapa. Amelivunja kwa mkono tangu mwezi wa nne, na hakuna aliyewahi kuliuliza bei.

"Wivu? Ninao," anasema mama huyu wa miaka arobaini na sita, mkazi wa mtaa wa Kiwanjani. "Usiandike ati nina uchungu kidogo. Andika wivu. Niko nao mpaka chai hainishuki."

Na lililomkaba zaidi si lori. Ni maombi.

Kila asubuhi, kabla ya nyundo ya kwanza, wanawake wa timbo husimama na Karambu huomba. Huomba kwa sauti, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimeru anapopandisha sauti, na wenzake Waislamu hunyamaza kwa heshima na kusema amina pamoja na wengine. Ombi lake halina madoido: Bwana, lete lori. Na malori huja.

"Akiomba Karambu, lori halikosi," anasema Mama Lodio, Mturkana aliyezeekea hapa. "Isipokuwa lake." Anacheka, kisha anaona jinsi Karambu alivyomtazama na kicheko kinakatika.

Karambu hakuzaliwa na nyundo mkononi. Mumewe, Gitobu, alikuwa dereva wa pikapu za miraa kutoka Maua, zile zinazopita zikipiga honi kana kwamba barabara ni ya baba yao. Pikapu ilipinduka. Gitobu akatoka na mguu usiokunjika, na mwenye pikapu akatoka na simu isiyopokelewa. Walijaribu kukaa kwa kakake Gitobu kule Maua, lakini shemeji huyo, mwenye miraa yake na ng'ombe wake, hakuchoka kumkumbusha Karambu nani anamlisha. "Mwambie huyo Mungu wako akuletee sukari," alimwambia siku moja mbele ya watoto.

Ndipo wakateremka Isiolo na kijana wao Mwongera, na Karambu akaingia timbo. Lori moja dogo likijaa humwachia mvunja mawe kama shilingi elfu nne. Kujaza kokoto za lori hilo huchukua mwezi, ukiwa na afya na mawe yakiwa na huruma.

Sasa Gitobu amechoka. Kakake amewatumia habari kwamba chumba bado kipo, na wenye nyumba wa Kiwanjani hawapokei maombi mahali pa kodi. Mume na mke wamekubaliana hivi: rundo likiuzwa kabla ya mvua, wanabaki Isiolo. Mvua ikitangulia, ujenzi usimame na malori yakome kuja, wanafunga virago warudi Maua.

"Nikirudi pale," Karambu anasema, "yule mtu hatanicheka mimi. Atamcheka Mungu wangu, na mimi nitakuwa nimekaa kwa kiti chake nikila chakula chake. Nitamjibu nini?"

Sasa, ni vipi Khadra yuko barabarani na Karambu yuko nyuma? Hapo ndipo penye mwiba.

Mwaka juzi, ukame ulipokuwa umekausha hata macho, Khadra alifika kutoka Sericho na watoto watatu. Ngamia walikwisha, ng'ombe walikwisha, na mume alikufa wa mwisho. Alisimama ukingoni mwa timbo tangu asubuhi mpaka jua la utosi, hajui aombe kazi kwa nani. Wanawake walimwonyesha nyuma, kwenye mawe magumu.

Karambu, aliyekuwa na nafasi bora kuliko zote, pale lori linapogeuzia, aliinuka. Akamshika mkono mgeni na kumketisha juu ya jiwe lake la kupondea, wote wakiona, naye akahamia nyuma. Timboni, ukimkalisha mtu kwenye jiwe lako mbele ya wenzako, mahali hapo pamekuwa pake. Hakuna karatasi wala chifu, lakini neno limekwisha.

Kanisani wakasikia. Jumapili akasimamishwa, akapigiwa makofi, akaitwa mama wa huruma. "Sifa hizo nilizila zote, sikubakisha hata ya kesho," anakiri.

Alimfundisha Khadra pia. Alimwonyesha jinsi ya kushika jiwe kwa pete ya mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu, ili nyundo isile vidole. Alimwonyesha kuchekecha kokoto kwa wavu wa waya uliopigiliwa kwenye mbao, watu wawili wakishika huku na huku, vumbi likianguka chini. Viganja vya Khadra vilipopasuka, Karambu ndiye aliyevipaka mafuta ya mgando.

Wahenga walisema tenda wema uende zako. Karambu hakwenda zake. Alibaki papo hapo, hatua chache nyuma, akitazama wema wake ukiuza.

Wivu ulianza kidogokidogo, kama kunguni. Aliona viatu vipya vya mtoto wa Khadra. Akaona chupa ya chai. Akaanza kusikia kila Khadra anapocheka, hata akicheka mbali. Katika maombi ya asubuhi alikuwa akiwataja wenzake kwa majina, mmoja mmoja. Siku moja akaruka jina la Khadra, na hakuna aliyegundua isipokuwa yeye mwenyewe na yule anayeombwa. Kesho yake akaliruka tena.

Kanisani, kiongozi akiita "Mungu ni mwema!", kila mtu huitikia "Kila wakati!" Karambu akawa anafungua mdomo bila kutoa sauti. Mke wa mchungaji akamshika bega: subira, mama, subira huvuta heri. "Nikamwambia, mimi subira imenivuta mpaka nguo imechanika."

Kesho yake baada ya lori lile la samawati kupakia, Jumanne, Karambu hakuomba.

Wenzake walisimama wakingoja. "Ombeni wenyewe," aliwaambia, na akaenda moja kwa moja hadi kwa Khadra.

"Khadra, nataka mahali pangu."

"Wewe Karambu," Mama Lodio alisema, "ulimkalisha hapo sisi wote tukiona. Haiya! Kitu cha kupeana kinarudishwa?"

Lakini Khadra alikwisha simama. "Mwache," alisema. "Mama Mwongera alinipa nikiwa sina hata maji ya kunywa. Akipataka, achukue."

Akaokota nyundo, pete ya mpira na mtungi wa maji, akahamia nyuma. Siku mbili alihamisha nusu ya rundo lake iliyobaki, na wenzake walimsaidia. Karambu alihamisha lake kwa karai, siku tano, peke yake. Hakuna aliyemkataza, na hakuna aliyemsogelea.

Jumatatu ya pili, lori la samawati likarudi. Karambu alikuwa amekaa barabarani kama bibi harusi, leso safi, rundo mlima.

Dereva, kijana aitwaye Guleid, alishuka. Akapiga magoti kando ya rundo la Karambu, akachimba mkono ndani, akatoa konzi ya kokoto na kuiachilia taratibu. Upepo ukachukua nusu yake.

"Mama, hii vumbi ni mingi," alisema bila ubaya. "Fundi atanirudisha nayo. Ile ya juzi iko wapi?"

Mama Lodio alielekeza kidole nyuma. Guleid akapanda, akarudisha lori kinyumenyume polepole hadi kwa Khadra, bila gurudumu hata moja kukwama. Muda wote huo kumbe lori hufika huko.

Karambu alielewa palepale, na jua lilikuwa bado halijapanda vizuri. Alikuwa ameacha kuchekecha tangu mwaka jana. Kuchekecha hupunguza rundo, naye alitaka rundo likue upesi, Mungu alione, dereva alione. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mama wa huruma alilitia vumbi. Na ule wavu wa waya aliomfundishia Khadra? Ulikuwa wa Karambu mwenyewe. Alimwazima alipoona hana kazi nao, akausahau.

Sheria ni sheria. Akashika sepetu, akapakia.

"Nililia," anasema. "Timbo lina uzuri mmoja, kila mtu ana vumbi machoni."

Jioni alimsimulia Gitobu yote, akitarajia kuhurumiwa. Gitobu, na mguu wake juu ya kigoda, alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa hivyo," akasema, "ulitaka Mungu afanyeje? Akuchekechee?"

Karambu alikasirika, hakumpa chai. Baadaye alicheka peke yake, akampelekea.

Iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko kuvunja mawe. Wavu ule haushikwi na mtu mmoja. Siku nzima alikaa akiutazama ulivyoegemezwa pale nyuma, akakosa ujasiri wa kwenda. Jumatano akainuka. "Salaam aleikum," alimwambia Khadra. Tangu wafahamiane alikuwa akimsalimu habari, kama watu wa kwao wanavyosalimiana.

"Aleikum salaam," Khadra alijibu, nyundo haikusimama. "Mama Mwongera, ulinitoa kwa jiwe mbele ya watu. Nilienda nyumbani nikalia, watoto wakaniona. Usije ukaniambia haikuwa kitu."

"Ilikuwa kitu. Nilikuonea wivu."

"Hiyo najua. Timbo yote inajua. Hata punda wa maji wanajua."

Karambu alimwambia arudi barabarani, atamkalisha tena mbele ya wote. Khadra alikataa. "Kaa huko na jua lako. Huku nyuma saa nane kuna kivuli." Kisha akaweka nyundo chini, akaenda kushika upande mmoja wa wavu, akangoja mwenzake ashike wa pili.

Tangu siku hiyo wanachekecha pamoja kila alasiri, kazi za kila mmoja zikiisha. Rundo la Karambu limepungua, linaonekana kama mtu aliyetoka kuugua. Robo yake imekuwa vumbi. Kile kivuli nacho, anakiri, kimeanza kumsumbua. Hakuwahi kukiona alipokuwa amekaa ndani yake.

Mawingu yamesimama juu ya vilima vya Nyambene, meusi upande wa chini. Guleid amesema atarudi, hakusema lini. Gitobu amesema makubaliano ni makubaliano, lakini juzi alionekana akiuliza bei ya mabati ya kuezekea, na mtu anayehama haulizi bei ya mabati.

Karambu ameapa kwamba mvua ikimtangulia, atamwambia mumewe aende Maua akamsalimie kakake na kurudi. Yeye hahami. Atavunja mengine, na haya atayafunika kwa turubai. "Yule shemeji amcheke Mungu akiwa kwake," anasema. "Mimi nitakuwa hapa nikimngoja. Nimemngoja na wivu, nimemngoja na vumbi, sasa nimngoje na kazi safi nione."

Asubuhi ameanza kuomba tena, na jina la Khadra limerudi kwenye maombi. Anaulizwa kama hiyo ina maana wivu umekwisha. Anapuliza vumbi kutoka kwenye nyundo, anatazama nyuma kuhakikisha mwenzake hasikii.

"Zamani nilikuwa namwambia Mungu auze langu, la Khadra likae. Sasa namwambia auze yote mawili, hata siku moja." Kisha anaamua kusema ukweli wote. "Lakini langu litangulie. Hiyo Mungu ananiruhusu, ananijua."